Somo: kujaribu na kukompaili programu ya Lustre

Lustre, lugha ya kuandikia programu, ilibuniwa Grenoble, Ufaransa, na Paul Caspi na Nicolas Halbwachs katika miaka ya 1980, na ndiyo mzizi wa SCADE, zana inayotumika kuandika programu za kuongoza ndege za Airbus. Katika lugha hii kila kigeu ni mfululizo wa thamani, moja kwa kila mpigo (yaani kila hatua ya programu), na kila mlinganyo hubaki kweli katika mipigo yote.

Hatua ya 1. Andika nodi hii (kipande cha programu chenye maingizo na matokeo), inayohesabu watu wanaopita mlangoni, katika faili hesabu.lus:

node hesabu(mtu, futa: bool) returns (n: int);
let
  n = if futa then 0
      else if mtu then (0 -> pre n) + 1
      else (0 -> pre n);
tel

Maandishi "pre n" yanamaanisha n ya mpigo uliotangulia, na kwa kuwa mpigo wa kwanza hautanguliwi na mwingine, mshale ndio unaoupatia 0. Ukiuacha, n itakosa thamani, na itaendelea kuikosa mpaka futa ibonyezwe.

Hatua ya 2. Andika "luciole hesabu.lus hesabu" kwenye terminali. Luciole ni zana ya kuigiza mwendo wa programu; jina lake ni la Kifaransa, yaani kimulimuli. Litafunguka dirisha lenye kitufe kwa kila ingizo. Kwa kawaida kubonyeza kitufe kimoja hupiga mpigo papo hapo, hivyo hutaona kamwe matukio mawili yakigongana. Kwa hiyo chagua "Compose" katika menyu ya "Clocks", washa mtu na futa pamoja, kisha piga mpigo. Jibu ni 0: aliyepita wakati huo hakuhesabiwa. Kompaila haiwezi kukuonya, kwa sababu programu ni halali. Ni wewe wa kuamua kama n ianze na 1. Kwa maoni yangu, mwigo usiogusa migongano ya aina hii haujajaribu kitu.

Hatua ya 3. Ukiridhika, zalisha msimbo wa C:

lus2ec hesabu.lus hesabu
ec2c hesabu.ec -loop
gcc hesabu.c hesabu_loop.c -o hesabu

Maswali ya wanachama

Swali: Nimeandika x = y + 1 na y = x - 1, nikakataliwa. Kihesabu si sawa?
Jibu: Kihesabu ni sawa, ila katika mpigo uleule x yaisubiri y, na y yaisubiri x. Mzunguko huo hukatwa kwa kuweka pre mahali pamoja.

Swali: Mpigo mmoja ni sekunde ngapi?
Jibu: Lugha haisemi. Muda huamuliwa na anayeita msimbo wa C, mathalani saa ya kifaa kila milisekunde 10, na ni juu yako kuhakikisha kwamba hesabu ya mpigo mmoja, hata ile ndefu kuliko zote, inakwisha kabla ya mpigo unaofuata.