Kabla hujaagiza spika za kuunga mwenyewe

Kama unachotafuta ni kuokoa pesa, chukua karatasi kwanza. Kifurushi huja na wufa mbili (spika za besi), twita mbili (spika ndogo za sauti nyembamba) na vipande vya krosova, yaani saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita. Mbao mara nyingi hamna, na amplifaya usiitegemee. Andika bei ya kifurushi, halafu chini yake usafiri, ushuru, ubao, gundi, skrubu, vanishi, nyaya na ujira wa seremala. Nilipojumlisha vyangu nikakuta ningepata spika za mtumba nzuri tu, maboksi yake juu. Niliendelea kwa sababu nilitaka kujua ndani mna nini. Kama nawe una kiu hiyo, soma mbele.

Linalofuata ndilo zito: nani atakukatia ubao? Niko Tanga, na fundi wangu ana mkono mzuri wa makabati. Nilimpa vipimo vya boksi la spika: upana sentimita 20, kimo 30, kina 25, yaani lita 15. Akapima kwa nje, kama kabati. Ubao ulikuwa wa milimita 18, ukala nafasi kila upande, ndani zikabaki lita 9 na kitu. Wufa iliyotakiwa kupumua kwenye lita 15 ukiibana humo, besi inakauka. Boksi lile sasa ni stuli ya mwanangu. Basi mchoree fundi, andika NDANI kwa herufi kubwa, na aunge moja kwanza ulipime kabla hajagusa la pili.

Maelekezo mengi husema utumie MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Huku pwani ikinywa unyevu kingo zinavimba, kwa hiyo mimi nilihamia plaiwudi ya unene uleule, kingo nikazipiga vanishi mara mbili.

Kulehemu kusikutishe. Krosova ndogo ina vipande vichache, na fundi redio wa mtaani atakumalizia huku mnapiga soga.

Ila nyaya zikague mwenyewe. Kabla wufa haijaunganishwa na krosova, igusishe kidogo betri ya saa ya ukutani, chanya kwa chanya. Koni isukume nje. Ikivuta ndani, alama zimekosewa, zigeuze. Spika moja ikisukuma huku mwenzake inavuta, besi zinauana katikati ya chumba, nawe utaanza kumlaumu seremala bure.