Jinsi ya kuvizia setilaiti zinazomweka, ukiwa Unguja au Pemba

Mtoto wa dada yangu kaniganda anataka kujua ile nuru inayowaka ghafla juu ya bahari kisha ikazimika ni kitu gani. Ni setilaiti inayoakisi mwanga wa jua, basi namwandikia hapa jinsi ya kuiona na wengine wafaidike. Maelezo ya zamani ya Iridium, setilaiti za simu, yaacheni. Zile zilikuwa na antena bapa zinazong'ara, zikimweka hadi magnitudi -8 (namba ikishuka ndo mwanga unazidi), lakini 2017 hadi 2019 zikarushwa mpya zisizo na antena hizo na nyingi za zamani zikashushwa. Siku hizi tunavizia Starlink, setilaiti za intaneti.

1. Fungua Heavens-Above, tovuti inayokwambia setilaiti zitapita saa ngapi.

2. Weka mahali na saa. Hapa msifanye haraka, maana watu wengi wanakesha nje bure kwa sababu ya hapa tu. Usipoweka kitu inakuhesabu uko latitudo 0, longitudo 0, yaani baharini Ghuba ya Guinea, na saa inakuwa ya UTC, ile saa ya kimataifa. Mjini Unguja andika -6.2 na 39.2, Chake Chake -5.2 na 39.8, na ile alama ya kutoa usiiache, ukiiacha ushahamia Ethiopia. Saa ikibaki UTC ongeza 3, halafu ndo uisome kwa saa zetu: 18:40 inakuwa 21:40, yaani saa tatu na dakika arubaini usiku.

3. Hakikisha kwa ISS, kile kituo cha kimataifa cha angani. Ikipita dakika ile ile uliyoandikiwa, umeweka sawa. Isipopita rudi namba 2.

4. Sasa Starlink. Mie natumia Stellarium ya kompyuta, programu inayoonyesha anga, ni bora kuliko programu zote za simu: bonyeza G ardhi iondoke, ulione jua lilivyozama. Likifika kama digrii 40 chini ya upeo, tizama upande ule ule lilipo, chini kabisa karibu na bahari. Kwetu ni magharibi, kwenye saa tatu usiku, kwa hiyo Mangapwani panafaa. Wakati wa daku ni mashariki, nendeni Paje au Makunduchi. Zinawaka moja baada ya nyengine takriban sehemu ile ile, kila moja sekunde chache tu. Usiku wa giza wavuvi wa dagaa wanatoka na taa, sasa usichanganye: taa ya dagaa imekaa kwenye maji na haizimiki, setilaiti iko juu kidogo ya upeo na inasogea.