Kondoo wa pilau: nunua kabla ya Idd el Hajj

Ukitaka nyama ya kondoo, usisubiri wiki ya Idd el Hajj. Wanyama wanagombewa kwa ajili ya kuchinja, na bei hupanda kuanzia mnadani hadi buchani. Nunua mapema, ugandishe. Afadhali zaidi mchange majirani watatu, mnunue kondoo mzima mgawane. Kilo ya buchani ina faida ya mwenye bucha ndani yake.

Kondoo wetu wengi wana mkia wa mafuta, na watu huutupa! Ukatekate vipande vidogo, uyeyushe kwa moto mdogo mpaka vikauke na kuwa vya kahawia, kisha uchuje. Kaangia vitunguu vya pilau. Shingo ichemshe taratibu, na muile ya moto, maana mafuta ya kondoo huganda upesi mdomoni.