Monita ya mtoto au kamera ya ulinzi?

Kabla ya kwenda Kariakoo, amua kwanza: unataka kuamshwa usiku, au kuona nyumbani ukiwa mbali? Ni kazi mbili tofauti.

Monita ya kawaida ni vifaa viwili vinavyowasiliana vyenyewe kwa redio, kimoja kwa mtoto, kingine kwako. Haihitaji intaneti wala bando. Mtoto akilia, unasikia papo hapo. Kamera ya waifai hupitia ruta hadi kwenye simu, na simu ikiwa kimya, au ikiifunga programu ili kuokoa chaji, taarifa haifiki.

Kwa hiyo anayelala chumba cha pili anunue monita. Anayefanya kazi Posta huku mtoto amebaki Mbagala na dada anahitaji kamera, na dada aambiwe kuwa ipo. Zile mita 300 zilizoandikwa kwenye boksi la monita ni za uwanja mtupu. Kuta za matofali na zege la ghorofa hupunguza sana.

Kamera ya 1080p ikitazamwa moja kwa moja hula takriban megabiti 1 hadi 2 kwa sekunde, sawa na MB 450 hadi 900 kwa saa. Kama nyumbani unatumia ruta ya laini ya simu, bando linaliwa kotekote: kamera inapandisha, simu yako inashusha. Weka memori kadi ya GB 64 irekodi humo, nawe uchungulie dakika mbili tatu tu.

Ikigoma kuunganishwa, tazama ruta kwanza. Kamera nyingi za bei nafuu hushika mawimbi ya 2.4 GHz pekee, si ya 5 GHz. Kwenye mipangilio ya ruta, yape mawimbi hayo mawili majina tofauti, kisha uiunganishe kamera kwenye la 2.4 GHz.

Tatizo ambalo muuzaji hatakuambia ni chandarua. Usiku kamera huwasha taa za infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, mwanga huo unagonga nyuzi na kurudi, na kwenye kioo unaona ukungu mweupe bila mtoto. Monita ya video ina ugonjwa huohuo. Zima infraredi, washa taa hafifu ya chumbani upande wa pili, mbali na lenzi. Usiiingize kamera ndani ya chandarua: waya wake ukae angalau mita 1 kutoka kitandani, mtoto asije akauvuta ukamnyonga. Feni nayo huichanganya monita inayonyamaza mpaka isikie kelele. Panga usikivu wake feni ikizunguka kwa kasi ya kila siku.

Umeme ukikatika, kamera na ruta zote zinahitaji akiba. Kamera ya volti 5 inaweza kutumia pawabenki, lakini chagua inayotoa umeme huku yenyewe ikichajiwa. Ruta nyingi ni za volti 12, zinataka yupiesi (betri ya akiba) yake ndogo. Kwa monita, hakikisha kifaa cha mtoto nacho kina betri, maana nyingi huwa na betri kwenye kifaa cha mzazi tu. Na ukiletewa mzigo kutoka Marekani, soma adapta: iliyoandikwa 120V pekee itaungua kwenye 230V zetu. Tafuta 100–240V.

Badilisha neno la siri la kiwandani siku hiyohiyo. Ukinunua kamera iliyotumika, mwenyewe aifute kwenye akaunti yake mbele yako kabla hujalipa. Asipoifuta, huenda usiweze kuisajili, au yeye akaendelea kuona chumba chako.