Kumuuguza Ndugu Wodini Bila Kueneza Maambukizi
Unapomuuguza ndugu yako wodini hapa Moshi, fahamu kwamba vimelea vingi husafiri kwa mikono, kutoka kitanda kimoja hadi kingine, bila kuonekana. Kabla na baada ya kumgusa, nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 40 hadi 60, ukisugua hasa vidole gumba na ncha za vidole, ambazo wengi wetu huzisahau, kisha jifute kwa kitambaa safi, wala si kwa kanga uliyoivaa. Kitakasa mikono hakitoshi ikiwa mikono ina uchafu unaoonekana, wala baada ya kumhudumia mwenye kuhara. Mwenye kikohozi avae barakoa, na madirisha yaachwe wazi hata katika baridi ya Julai, kwa kuwa kifua kikuu huenea kwa hewa.