Umeacha kufundisha na bado wataka kutetea watoto? Anzia hapa

Mwalimu, kama ushaweka chaki chini na bado roho yakuuma ukiona mtoto wa Likoni akikosa vitu ambavyo mwenzake wa Nyali anavyo, anza na bodi ya shule ya mtaani kwenu, sheria ya elimu ya msingi ya 2013 imeweka viti vya wazazi na hata cha kuwakilisha watu wenye mahitaji maalum, na wewe darasa lililojaa walijua kwa ndani.

Halafu kaunti. Hapa ndo penye uzito mwanangu, manake kwa katiba ya 2010 chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji viko chini ya kaunti, so pesa zake zapangwa hapahapa Mombasa. Makadirio ya bajeti yanafaa kufika bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili, kwa hivyo usingoje Mei, nenda vikao vya maoni mapema na uwe na hesabu mkononi, madawati mangapi, vyoo vingapi, watoto wangapi wako nyumbani.

Ukitaka kazi ya mshahara kwa mashirika, kwa sivii usiandike tu "nilifundisha hesabu", andika uliongoza idara, ulilea walimu wapya, ulikalisha wazazi wakakubaliana.