Somo: Kujitolea kwenye jumuiya ya wasanidi programu, na kubaki humo moto wa mwanzo ukishapoa

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila jumuiya ya wasanidi programu ina watu wa aina mbili ambao huwa hawadumu. Wa kwanza anakuja mikutano miwili, anakaa nyuma, anasikiliza mada, anaondoka bila kujuana na mtu. Wa pili anajitolea kwa kila kitu siku ya kwanza: tovuti ataitengeneza yeye, mabango yeye, wadhamini atawatafuta yeye. Baada ya miezi michache hapokei simu.

Somo hili ni la anayetaka kukaa katikati ya hao wawili. Msimamo wangu ni huu: chukua kazi moja ndogo, ijulikane kuwa ni yako, ifanye mpaka watu wasahau kuulizia kama imefanyika, kisha mwachie mwenzako kabla hujaichukia.

HATUA YA 1: Hudhuria kwanza, uone nani amezidiwa

Usianze kwa ujumbe wa "nipo tayari kusaidia chochote". Mwandaaji akisoma "chochote" ameongezewa kazi, maana sasa inabidi akae afikirie akupe nini. Nenda mkutano mmoja au miwili, fika mapema, tazama. Nani anapanga viti peke yake? Nani anahangaika na orodha ya majina mlangoni huku simu yake inaita? Mada ikiisha na watu wakiaga, nani anabaki anakunja nyaya?

Huyo ndiye wa kumfuata, na maneno ya kumwambia ni machache: "Mkutano ujao orodha ya mlangoni niachie mimi." Sijawahi kuona mwandaaji aliyekataa ofa ya namna hiyo. Kazi inajulikana, siku inajulikana, mtu anajulikana.

HATUA YA 2: Chukua kazi isiyogombewa

Kazi zinazogombewa ni kutoa mada, kuchora nembo na kutengeneza tovuti. Hasa tovuti. Kila mgeni mwenye ari anataka kuiandika upya kwa teknolojia anayojifunza wiki hiyo. Siku akiondoka, hakuna aliyebaki anayeweza hata kubadilisha tarehe ya mkutano. Kama unaipenda jumuiya yako, iache tovuti mbaya inayofanya kazi iendelee kuwa mbaya.

Kazi zisizogombewa ndizo zinazobeba mkutano. Kuna kumkumbusha mtoa mada wiki moja kabla, na tena siku moja kabla. Kuna kuulizia ukumbi una soketi ngapi za umeme na mlango unafungwa saa ngapi. Kuna kuandika muhtasari wa kilichozungumzwa na kuutuma kesho yake, si mwezi ujao. Kuna kujibu yule mgeni aliyeuliza swali kwenye kikundi saa nane za usiku na likapita kimya. Chagua moja. Mbili ukiwa na muda, lakini mimi nakushauri moja.

HATUA YA 3: Siku yenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mikutano mingi inapoharibikia.

Fika saa nzima kabla. Chomeka kwenye projekta laptopu ya mtoa mada mwenyewe, usijaribie yako. Laptopu nyingi za siku hizi zina tundu la USB-C tu na projekta inataka HDMI, kwa hiyo adapta iwe mkobani mwako. Ibandike jina la jumuiya, kwa sababu adapta zina tabia ya kuondoka na watoa mada. Kisha nenda ukakae kiti cha mwisho kabisa, umwombe afungue kihariri chake cha kodi, yaani programu anayoandikia maelekezo ya kompyuta. Maandishi yanayosomeka vizuri mbele yake, huko nyuma ni mstari wa sisimizi. Mwambie akuze herufi mpaka yeye mwenyewe aone zimezidi. Hapo ndipo zinatosha. Kama ukumbi una madirisha mengi, mandhari nyeusi ya kihariri haitaonekana, ahamie nyeupe. Na arifa azime zote. Hakuna anayetaka ukumbi mzima usome ujumbe kutoka kwa shemeji yake.

Kama ni warsha, adui wa kwanza ni intaneti. Watu thelathini wakianza kupakua vifurushi vilevile vya programu kwa dakika ileile, Wi-Fi ya ukumbi inakufa na nusu ya muda inapotea kwa kutazama mstari wa upakuaji usiosogea. Dawa ni kupakua kila kitu siku mbili kabla na kukiweka kwenye flashi nne au tano za kuzungusha. Kwa wanaotumia lugha ya programu ya Python, amri ya pip download (pip ni kisakinishi chake) inakusanya vifurushi vyote vya somo kwenye folda moja, na wakati wa kusakinisha unaielekeza pip isome folda hiyo badala ya mtandao. Angalia jambo moja: vifurushi vingi vina sehemu zilizotengenezwa kwa mfumo mmoja tu, hivyo folda ya Windows haitamfaa mwenye macOS wala Linux. Andaa zote tatu.

Halafu kuna watu. Utamwona mgeni amesimama kando anasoma simu ambayo haina jipya la kusoma. Usimtambulishe kwa kundi zima, utamtia aibu. Mtambulishe kwa mtu mmoja, na uwape cha kuanzia: "Huyu naye anahangaika na kanzidata kama wewe." Warsha za Django Girls za kufundisha wanawake kuandika programu, zilizoanzia Berlin mwaka 2014, zilipangwa hivyo tangu mwanzo: kila kocha anakaa na kikundi kidogo cha watu watatu hivi. Mtu anayeogopa kuuliza mbele ya ukumbi atauliza mbele ya wawili.

HATUA YA 4: Weka mpaka mapema

Sema tangu mwanzo: "Nitaifanya hii kwa miezi sita, saa mbili kwa wiki." Ukibanwa na kazi au familia, sema "safari hii sitaweza" wiki moja kabla. Mtu aliyesema hataweza anatafutiwa mbadala. Aliyenyamaza hatafutiwi, na pengo lake linaonekana siku ya mkutano, mbele ya watu.

HATUA YA 5: Andika unachofanya, kisha kabidhi

Kazi yako iandikwe ukurasa mmoja: nani wa kupigia simu ukumbini, ujumbe wa ukumbusho unasemaje, flashi zinakaa wapi. Zaidi ya yote, nywila. Jumuiya nyingi hazifi kwa ugomvi. Zinakufa kwa sababu anwani ya tovuti ililipiwa na mtu mmoja kwa kadi yake na barua pepe yake, akahama, na hakuna mwingine anayeweza kuingia. Kila akaunti iwe na wasimamizi wawili, na nywila zikae kwenye programu ya kuhifadhi nywila ambayo wote wawili wanaifungua.

Guido van Rossum, aliyeianzisha Python, alipoachia uongozi wa lugha hiyo Julai 2018 hakuteua mrithi. Wasanidi wakuu walijadiliana utaratibu, na mwanzoni mwa 2019 wakachagua baraza la watu watano. Waliweza kwa sababu kodi, seva na akaunti hazikuwa mfukoni mwa mtu mmoja. Kikundi chenu cha watu arobaini kinahitaji uhakika huohuo kwa kipimo chake.

Lakini kukabidhi nako kuna namna yake. Mwaka 2024 iligundulika kuwa xz, programu ya kubana data inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux, imepandikizwa mlango wa siri. Mtunzaji wake wa miaka mingi alikuwa akijitolea, karibu peke yake, na amechoka. Akaja msaidizi mwenye bidii, akajenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, akapewa funguo. Andres Freund aliugundua mlango huo kwa sababu tu aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kumekuwa kuzito kidogo, akaamua kufuatilia. Kwa hiyo kabidhi ungali na nguvu ya kumtazama unayemkabidhi, na umkabidhi mbele ya wengine.

HATUA YA 6: Baada ya kukabidhi

Usipotee. Pumzika mkutano mmoja, kisha rudi kama mshiriki wa kawaida. Huu ndio wakati mzuri wa kutoa mada, kwa sababu watu wanakujua. Usingoje kazi ikamilike: kwenye klabu ya wapenda kompyuta ya Homebrew kule California, iliyoanza kukutana Machi 1975 ndani ya gereji, Steve Wozniak aligawa bure michoro ya kompyuta iliyokuja kuitwa Apple I. Leta kilichokushinda wiki hii, ukumbi utakusaidia kukimaliza.

Maswali karibuni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu shukrani kwa somo. Mimi ndiyo kwanza najifunza, hata Git, programu ya kutunza matoleo ya kodi, inanichanganya. Nitajitolea na nini?

Jibu: Una kitu ambacho wazoefu wameshakipoteza: bado unajikwaa. Chukua maelekezo ya kusakinisha ya mradi wowote ambao jumuiya yenu inautumia, yafuate neno kwa neno kwenye kompyuta isiyo na kitu, na kila unapokwama andika ulikuwa mstari gani na skrini ilisema nini. Mzoefu anaruka hatua bila kujua ameiruka, kwa sababu kwenye mashine yake ilishafanyika zamani. Ukipeleka orodha yako, tayari umechangia, na wala hujaandika kodi.

Swali: Naomba kupinga kidogo. Huku kujitolea naona ni kutumikishwa bure kwa jina zuri. Kampuni zinatupa fulana, zinachukua kazi.

Jibu: Ndugu, hoja yako ina uzito na sitaipuuza. Jiulize ni nani anabaki na kilichotengenezwa. Ukifundisha wenzako, maarifa yanabaki kwao. Ukiandaa mkutano, jumuiya inabaki nao hata mdhamini akiondoka. Lakini ukiombwa "kujitolea" kutafsiri bidhaa inayouzwa, au kujibu wateja wa kampuni kwenye kikundi chao, hiyo ni ajira bila mshahara, kataa bila kuona haya. Mdhamini alipie ukumbi na jina lake litajwe. Ratiba ya mada isiwe mikononi mwake.

Swali: Mimi ni mkimya, watu wengi wananichosha.

Jibu: Kaa kwenye meza ya kuandikisha majina. Kila mazungumzo yana mwanzo na mwisho wake, na foleni nyuma inakuokoa.

Swali: Kwetu mwandaaji ameshikilia kila kitu kwa miaka. Anasema amechoka lakini ukimwomba kazi hakupi. Tuanzishe kikundi kingine?

Jibu: Msikimbilie huko. Mara nyingi mtu wa hivyo ameshaachiwa kazi njiani mara nyingi, akajifunza kuwa kufanya mwenyewe ni haraka zaidi. Muulize ni sehemu gani ya kazi anaichukia kuliko zote. Kuna jibu, na huwa ni kukumbusha watu. Ichukueni hiyo, muifanye mikutano mitatu bila yeye kuwasukuma, ndipo muombe ya pili. Kama baada ya hapo bado hataki hata msimamizi wa pili kwenye akaunti, hapo mna haki ya kulileta jambo mbele ya wanachama wote, yeye akiwepo.

Swali: Mimi ni dada, na niliacha kwenda kwa sababu ya mwanachama mmoja anayenisumbua kila mkutano. Nikisema naambiwa ndivyo alivyo, nimzoee. Mnashauri nini?

Jibu: Pole sana dada, na hilo la kuambiwa uzoee ni kosa la waandaaji. Jumuiya iwe na kanuni za maadili zilizoandikwa. Hakuna haja ya kuanza na karatasi tupu, kwa sababu Contributor Covenant, iliyoandikwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014, inatumiwa na miradi mingi na kuinakili kunaruhusiwa. Ila kanuni zisizosema malalamiko yanapelekwa kwa nani ni pambo la ukutani. Yatajwe majina ya watu wawili, wasiwe marafiki wa karibu, ili mmoja akilalamikiwa mwingine awepo. Na waandaaji mnaosoma hapa: msimkalishe aliyesumbuliwa na aliyemsumbua meza moja eti wapatane, kama mwenyewe hakuomba hivyo. Kwako dada, andika tarehe na yaliyotokea, mtafute mwandaaji mmoja unayemwamini, umuulize swali la moja kwa moja: mkutano ujao huyu atakuwepo au hatakuwepo? Usirudi mpaka upate jibu linalokutosha.

Swali: Je, haya yote yanasaidia kupata ajira? Nina michango mingi GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya kodi; vile visanduku vya kijani vinavyoonyesha siku ulizochangia vimejaa.

Jibu: Kijani peke yake usikitegemee. Mwaka 2020 Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba inayohamasisha watu kuchangia programu huria, iliwafurikia watunzaji wa miradi kwa mabadiliko yasiyo na maana, watu wakibadilisha neno moja ili wapate fulana. Waandaaji wakalazimika kubadili utaratibu, mradi ushiriki ukiwa tu umeamua wenyewe kujiunga. Anayeajiri ameshayaona hayo. Kwenye wasifu wako usiandike "mwanachama hai wa jumuiya". Andika ulichobeba: uliratibu watoa mada kwa muda gani, warsha ngapi, ulimkabidhi nani. Na uombe ruhusa ya kumtaja mwandaaji mmoja kama mdhamini wako, kabla hujamwandika.